Bunduki ya plastiki mnaipima kila asubuhi, baruti mnaigawa kama karanga

Wakuu, salaam. Leo sina utani. Wale wa kukaa siti ya mbele na bisi, uzi wa Simba na Yanga uko pale juu.

Kwa wasionijua, niko Uingereza, huku Midlands, mwaka wa kumi na mbili sasa. Jumapili nisipokuwa na zamu naenda kucheza easofti. Ni vita ya kuigiza: mnagawanywa timu mbili, mnaingia msituni au kwenye majengo chakavu, bunduki zinatema vigololi vya plastiki vya milimita 6. Ukipigwa unanyoosha mkono, unapaza sauti kwamba umepigwa, unatoka. Hakuna anayekukagua. Mchezo mzima umesimama kwenye uaminifu, na ndicho kilichonivuta. Jumapili iliyopita nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 16. Amerudi nyumbani kiwambo cha sikio la kushoto kimetoboka. Mwenye uwanja kaniandikia kwamba "mambo kama haya hutokea." Yanatokea! Kama mvua!

Jina la uwanja siliweki hapa, kwa hiyo msinifuate faragha kuliuliza.

Nianze na asubuhi, maana ndiyo inayoniuma kuliko hata mshindo wenyewe. Ukifika, kabla hujagusa uwanja, bunduki yako inapitishwa kwenye krono, kile kidude cha kupima mwendo wa kigololi. Kigololi cha gramu 0.20 kisizidi futi 350 kwa sekunde, sawa na joule 1.14 hivi. Sheria ya nchi inaruhusu mpaka joule 1.3 kwa bunduki inayomimina mfululizo na 2.5 kwa ile ya kupiga moja moja, lakini uwanja umejiwekea chini ya hapo, na mwamuzi wa krono hacheki na mtu. Nimeshuhudia mzee kasafiri saa mbili barabarani akaambiwa airudishe bunduki garini kwa futi 358. Futi nane tu! Nami nikasema sawa, hapa kuna nidhamu. Miwani nayo wanaigeuza, wanasoma alama zilizochongwa pembeni, wanavuta mpira wake kuona kama umelegea.

Ukishamaliza hayo yote unakwenda kaunta, ileile inayouza chai na baga. Pembeni ya maboksi ya chipsi za mfuko kuna boksi la mabomu ya moshi na jingine la baruti za mshindo. Unaonyesha kitambulisho, kwa sababu Kanuni za mwaka 2015 za bidhaa za baruti zinakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 vitu vya kundi la P1, yaani baruti za hatari ndogo ambazo si fataki wala za jukwaani. Unalipa, unapewa, unatia mfukoni. Imeisha hiyo. Hakuna aliyekuuliza kama umewahi kushika hata kiberiti. Maelezo ya usalama yalichukua dakika ishirini nzima, vyoo viko wapi, magari yaegeshwe vipi, nani anaruhusiwa kuvuta sigara na wapi. Baruti ikapewa sentensi moja: "Tumieni akili." Kama akili inatosha, krono ya nini?

Sasa sikilizeni. Uwanja ule zamani ulikuwa shamba, na mpaka leo kuna banda la matofali la nguruwe (ndiyo, najua, nyamazeni). Vyumba vyake vidogo, hatua tatu kwa tatu, dirisha moja lisilo na kioo. Mchezo wa tatu, mimi na dogo tukajibanza humo. Jamaa wa timu ya pili akaja ukutani, akaisugua baruti yake ikawaka. Zile za kusugua zina utambi mfupi wa sekunde chache, na umewekwa ili uirushe mara moja. Yeye akaishikilia. Akahesabu. Anataka tusipate muda wa kukimbia. Halafu akainyanyua juu ya bega na kuitupa dirishani bila kuchungulia. Ikadunda ukutani, ikaangukia begani kwa dogo, ikateleza, ikalipuka kabla haijafika chini.

Nje mshindo ule unatawanyika, unacheka, unaendelea. Ndani ya chumba cha hatua tatu hauna pa kwenda, unagonga ukuta na kurudi, unagonga mwingine na kurudi. Kwenye sehemu za kazi sheria ya hapa inasema mfanyakazi asikutane na kishindo kinachozidi kilele cha desibeli 140. Mimi kiwandani kwetu nikisahau vizibo vya masikio karibu na mashine za kelele ndogo kabisa kuliko hiyo, naandikiwa barua. Huku mtoto wa watu anatupiwa sauti ya namna hiyo chini ya shavu, halafu mwamuzi anakuja taratibu na chupa yake ya maji kutuambia, "Mlikuwa ndani ya jengo, mlitegemea nini?"

Yule mrushaji naye alipoitwa akasema hakujua kama kuna mtu ndani. Jamani. Kama hukujua kuna mtu ndani, uliirusha ili umpige nani?

Hapa nami nina langu, nilimeze. Dogo nilimvalisha miwani, barakoa ya chuma cha wavu, glavu, shingo nikaifunika. Vizibo vya masikio vilikuwa kwenye begi, kwenye gari. Vinauzwa bei ya soda. Dada kaniuliza mara moja tu, "Kwa hiyo ulikuwa unajua?" na sijapata jibu mpaka leo. Daktari anasema kitundu ni kidogo, vingi vya aina hiyo huziba vyenyewe ndani ya miezi miwili, maji yasiingie, asipenge kamasi kwa nguvu. Mtoto alikuwa anajifunza kuogelea.

Mngedhani baada ya hapo siku imetulia. Wapi! Mchezo wa mchana, jamaa mwingine akavuta pete ya bomu la moshi, moshi haukutoka. Akalitupa majanini. Sekunde kumi, kimya. Akalifuata, akaliokota, akaligeuza, akachungulia mdomoni kama mtu anayetafuta mende kwenye chupa ya soda. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Alipolishusha usawa wa kifua ndipo likafumka. Bahati yake alikuwa na miwani, akaishia kuungua kiganja. Mwamuzi akakimbilia barafu ya kwenye kikasha cha vinywaji! Kidonda cha moto ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20, uhesabu kwa saa. Barafu hapana. Na nyinyi wa dawa ya meno na ute wa yai, nawajua mtakuja kuandika hapa, hizo pia hapana.

Aliyenifundisha mimi ni mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini, huwa tunakutana viwanja mbalimbali. Hajawahi kunikabidhi baruti kabla ya kunifanya nirushe kopo tupu mara ishirini. Kwanza alinifundisha kurusha kwa chini, mkono ukipita pajani kama unayeviringisha mpira, kitu kiviringike sakafuni na kukaa mbali na nyuso za watu. Mkono wa glavu, na glavu ya ngozi, maana ya nailoni inayeyuka na kukung'ang'ania. Bomu la moshi la pete analishika mbali na uso, mkono umenyooka, mdomo wa bomu ukitazama kusiko na mtu yeyote, pete inavutwa kwa ubavu, na likishawaka haliachwi mkononi kwa ajili ya picha ya Instagram. Ganda la karatasi la bomu hilo linaendelea kuwa la moto dakika kadhaa baada ya moshi kuisha, na bado kuna watu wanaliokota na kulitia mfukoni wakidhani wanasafisha mazingira.

Likigoma, mzee huyo haligusi. Anasimama, anatangaza kwa sauti, anasimamisha mchezo upande ule, mwamuzi anaweka alama, linasubiriwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa wote waliopo, kisha linazamishwa kwenye ndoo ya maji. Niliwauliza wale waamuzi wa Jumapili ndoo iko wapi. Wakatazamana.

Na moshi ni wa nje. Ndani ya kontena au banda ule moshi wenye rangi ni wa kukaba watu, kinachoungua humo ni kemikali na rangi zake, na mtu mwenye pumu hatakupa notisi. Bado siku ileile nimeona kontena la chuma, mlango mmoja, limejazwa moshi wa zambarau watu wakiwa ndani wanakohoa na kucheka.

Majani sasa. Kwa wale mnaodhani Uingereza ni mvua tu: tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, kule Lincolnshire, kilisoma nyuzi 40.3, na siku hiyohiyo moto wa nyasi ukateketeza nyumba za watu Wennington, mashariki mwa London. Jumapili yetu haikuwa na joto la namna hiyo, lakini nyasi zilikuwa rangi ya mkate, zinavunjika ukizikanyaga. Bomu la moshi likaachwa juu yake. Tuliuzima moto kwa buti na chupa za Fanta, kipande kama cha mkeka mmoja. Kizimamoto kilikuwepo kimoja, kimetundikwa jikoni, jirani na kikaango.

Nikamfuata mwenye uwanja. Nikamwambia kwa heshima kabisa, mzee, ukitaka kuuza hizi, mnunuzi asimame dakika tano arushe ya mfano mbele ya mwamuzi, umpe utepe mkononi kama unavyofanya kwa bunduki zilizopita krono. Ndani ya vyumba ziruhusiwe zile za gesi tu, zinazotapanya vigololi bila moto. Akaniambia nitamfukuzia wateja. Akaongeza kwamba nilisaini fomu. Ni kweli nilisaini. Fomu inasema mchezo una hatari zake. Haisemi mtu mzima atahesabu mpaka tatu akiwa na baruti mkononi kisha amtupie mtoto begani.

NYONGEZA: Nimesoma majibu, nijibu machache kabla sijaingia zamu ya usiku.

Mkuu uliyesema "sisi utotoni tulijaza vichwa vya viberiti kwenye spoku ya baiskeli na hatukufa": mimi ni wa Tanga, nimeifanya hiyo, na ile bastola ya baruti za karatasi ya Idi pia. Nina rafiki wa darasa la tano aliyebaki na jicho moja. Yeye pia hakufa.

Uliyeuliza kama zile fataki za tano Novemba, sikukuu ya fataki ya huku, zinaweza kutumika uwanjani zikibaki: hapana, kabisa. Fataki ya bustanini ya kundi F2 imetengenezwa uiweke chini, uwashe, uende kusimama angalau mita 8. Haikutengenezwa kurushwa, na utambi wake haujui kama uko vitani. Mtaani ndiyo kabisa, kurusha fataki barabarani hapa ni kosa tangu sheria ya baruti ya mwaka 1875.

Unayetaka nikuletee mabomu mawili ya moshi Dar kwa ajili ya picha za harusi: ndugu yangu, hivyo haviingii kwenye ndege, si begi la mkononi wala la chini. Unataka nikeshe Heathrow namweleza polisi habari za harusi yako?

Na yule aliyeandika kwamba natoa povu kwa sababu timu yangu ilifungwa. Tulishinda, bwana. Tatu moja.

NYONGEZA YA PILI: Barua pepe ya mwenye uwanja imeingia sasa hivi. Anasikitika kwa "usumbufu", na kama ishara ya nia njema ametuma vocha: kuingia bure Jumapili ijayo, baga moja, na bomu moja la moshi la rangi utakayopenda. Nimeisoma mara tatu kuhakikisha. Imeandikwa kwa jina la dogo.