Mrejesho: diski ya USB 3.2 iliyokuwa ikikokota

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini diski yangu ya nje, boksi limeandikwa USB 3.2, inachukua karibu nusu saa kuhamisha video za harusi za gigabaiti 60. Alhamdulillahi, limekwisha. Tatizo lilikuwa waya, kama alivyohisi mmoja wenu.

Ule wa awali ulipotea, nikawa natumia waya wa chaja ya simu. Kichwa ni kile kile cha USB-C, kile kidogo cha simu za siku hizi, unaingia vizuri kabisa. Lakini C ni umbo la kichwa tu, haisemi kasi. Waya nyingi za chaja ndani yake ni USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, kiwango cha mwaka 2000! Fundi mmoja wa Darajani alinipa waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, kazi ile ile ikaisha kwa dakika tatu hivi.

Kilichoniudhi ni majina. USB 3.0 ya 2008 ilibadilishwa jina ikawa 3.1 Gen 1, kisha 3.2 Gen 1, na kasi ni ile ile, gigabiti 5. Diski yangu ndiyo hiyo. Mtu anayenunua kwa fedha yake ya jasho atajuaje? Huku ni kumchosha mnunuzi bure.

Kwa hiyo mkienda dukani, namba ya 3.2 iacheni. Ulizeni gigabiti ngapi, za diski na za waya pia. Ahsanteni sana.