Kabale ina baridi: naweza kupata mvinyo mweupe kama wa Mosel?

Mkulima_Kigezi: Wadau, nina nusu eka Kabale, Uganda, mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, matuta ya ngazi yanatazama mashariki. Nasikia Riesling, zabibu ya mvinyo mweupe ya Mosel kule Ujerumani, inapenda baridi, na hapa usiku blanketi moja halitoshi. Niagize vipandikizi?

Mpogoaji: Ssebo, baridi unayo, msimu huna. Wastani wa joto la Kabale, nyuzi 17 au 18, unakaribia Julai ya Mosel. Lakini kiangazi cha Mosel mchana hufika urefu wa saa 16, kisha majira ya baridi yanaulaza mzabibu na macho yote (vichipukizi kwenye tawi) yanaamka pamoja. Kwetu mchana una urefu wa saa 12 mwaka mzima. Usipoulazimisha kulala na kuamka, mti mmoja utabeba maua, zabibu mbichi na zilizoiva, na hapo mvinyo sahau.

Pukutisha majani yote kwa mkono, kisha pogoa ukibakiza macho sita hadi nane kwa tawi. Ukikata fupi sana, macho ya chini mara nyingi hutoa majani matupu. Wengine hupaka macho kemikali ya haidrojeni sianamaidi yaamke pamoja. Ni sumu: vaa glavu, na usionje pombe siku hiyo wala siku kadhaa baadaye, vikikutana mwilini utaugua vibaya.

Mama_Pipa: Ukali utaupata. Asidi ya maliki huteketea zabibu zikiiva kwenye joto. Usiku wa baridi huihifadhi. Kitakachopungua ni sukari, maana mawingu ni mengi. Pima sukari ya juisi kwa haidromita. Gramu 17 za sukari kwa lita hupandisha kileo kwa asilimia moja, kwa hiyo kutoka 9 hadi 11 kwenye lita 20 ni gramu 680. Yeyusha kwenye juisi yenyewe, usiongeze maji.

Mpogoaji: Mvua ndiyo itakayokumaliza kwanza. Ukipogoa Machi, maua yanakutana na mvua za masika, yanapukutika, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, unaingia: nyuzi 10, mvua milimita 10 na chipukizi za sentimita 10 zinautosha. Ukipogoa katikati ya Mei, maua yanapona, ila zabibu zinaiva Oktoba mvua ikirudi. Zinapasuka, kuvu ya kijivu inaoza shada kuanzia ndani. Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mvua yao ni haba. Mimi ningechagua Mei, nifunike mistari kwa nailoni juu tu, pembeni wazi hewa ipite.

Mkulima_Kigezi: Basi Riesling niiache?

Mpogoaji: Shada lake limebana, maji yakiingia hayatoki. Weka mstari mmoja chini ya nailoni, kwingine panda zabibu aina ya Isabella, inavumilia ubwiri.

Mama_Pipa: Inavumilia, ila mvinyo wake unanukia stroberi, usiuite Mosel. Na vipandikizi vya nje usivipitishe kwenye begi: omba kwanza kibali cha kuingiza mimea Wizara ya Kilimo, Entebbe.