Stopa ya triga kwenye K-38 ya zamani: irekebishwe, ibadilishwe au itolewe?

MwanaMkomani (Lamu)
Assalaam aleikum. Nina Smith & Wesson K-38, bastola ya silinda yenye mtutu wa inchi sita, ilikuwa ya marehemu ami yangu na sasa imo kwenye cheti changu cha silaha. Ndani ina ile stopa ya kiwandani, kipande kidogo cha chuma nyuma ya triga kilichokazwa kwa skrubu, kazi yake kuizuia triga isiendelee kurudi nyuma nyundo ikishaanguka. Ukikoki nyundo kwanza, triga inakatika, yaani inaiachia nyundo, kwa wepesi wa ajabu. Tatizo ni baadaye: nyundo ikishaanguka, kidole kinaendelea kwenda nyuma bila kukutana na chochote, na mtutu unatikisika. Nikipiga shabaha mita 25 makundi yangu yanatawanyika.

Nimeambiwa nina njia tatu: kuisogeza stopa iliyopo, kuweka pini ndani ya kitelezi kinachorudisha triga, au kutoboa triga yenyewe na kuifunga skrubu. Aliyejaribu zaidi ya moja anieleze. Bastola ni ya shabaha tu, siibebi kiunoni.

koplo_mstaafu (Malindi)
Waaleikum salaam. Kuna ya nne umeisahau: itoe uitupe.

Skrubu ya stopa hiyo ikilegea, kipande kinateleza. Kikiteleza kuelekea mbele, triga haifiki mwisho na nyundo haianguki. Unabaki umeshika chuma. Mafundi wa polisi huko Marekani walikuwa wakizitoa kwenye bastola za kazi kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayetegemea silaha yake hataki kitu ndani kinachoweza kuifunga.

Kaskazi_38 (Malindi)
Koplo, shikamoo, lakini mwenzetu amesema ya shabaha tu. Hapo hesabu inabadilika. Duara la kumi, lile la katikati, kwenye shabaha ya mita 25 ina kipenyo cha milimita 50. Risasi bado imo ndani ya mtutu na kidole kimeshaporomoka; ukilegeza mkono kidogo tu, kumi imekuwa nane. Na triga ya mashindano ya centa-faya (risasi zenye kiwashio katikati ya kitako, kama hizi za .38) haitakiwi kuwa chini ya gramu 1000, kwa hiyo huwezi kuponya tatizo kwa kuifanya nyepesi zaidi. Unachoweza ni kuifanya isimame pale inapokatika.

Mimi naitetea ya kiwandani. Haihitaji kukata wala kutoboa kitu, na bastola inabaki kama ilivyotoka. K-38 zilianza kutengenezwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, na tangu 1957 zikaitwa Model 14. Ya ami yako ikiwa haina namba ya modeli kwenye fremu ukifungua silinda, basi huenda ni ya kabla ya hapo, na ingekuwa dhambi kuichokonoa. Safisha skrubu ikauke mafuta yote, tia tone la gundi ya skrubu ile ya buluu, kaza, basi.

FundiJiliwa (Malindi)
Nimesoma yote. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu hapa kila mtu ana haki kwa upande wake, na bado jibu lipo.

Kwanza sheria. Chini ya Sura ya 114, Sheria ya Silaha ya Kenya, mtu anayetengeneza silaha za watu kama biashara lazima awe amesajiliwa. Kama huna mkono wa chuma, ipeleke kwa fundi wa namna hiyo, na nachoandika hapa ukitumie kumhoji.

Ile ya kiwandani: Kaskazi anasema kweli, haiharibu kitu. Ubaya wake ni mahali ilipo. Huwezi kuifikia mpaka ufungue bamba la ubavuni, na huwezi kuijaribu bamba likiwa wazi, maana vigingi vinavyobeba nyundo na triga vinashikwa na bamba upande wa pili. Ukipiga mkavu, yaani bila risasi, bamba likiwa nje, kigingi kinaweza kukatika, na hapo umeua fremu. Kwa hiyo unalegeza, unasogeza kwa kukisia, unafunga, unajaribu, unafungua tena. Watu wanachoka njiani na kuiacha ilivyo. Hapo ndipo skrubu inabaki haijakazwa sawasawa, na yale ya koplo yanatokea.

Pini ya ndani ya kitelezi: hii ndiyo yangu. Triga ikivutwa, kitelezi kinarudi nyuma na kuikandamiza springi yake dhidi ya kigingi cha fremu. Ukitia pini ndani ya springi, kitelezi kinapofika mahali fulani pini inagonga kigingi na safari imekwisha. Hakuna skrubu, hakuna cha kulegea. Kampuni yenyewe baadaye iliiacha stopa ya zamani ikahamia huku. Ubaya: haiongezwi. Ukikata fupi mno, kata nyingine.

Kutoboa triga: hapana. Triga hizi zimeungwa ugumu wa juujuu tu, ngozi nyembamba ngumu na chuma laini ndani. Keekee ya kawaida itateleza juu yake, na ukimlazimisha fundi aichome ili atoboe, ameondoa ugumu pale ambapo triga inasuguana na nyundo.

BintiShela (Lamu)
Fundi, umesahau chumvi. Nyie wa Malindi mna barabara hadi mlangoni. Sisi tukirudi kutoka shabaha Mombasa, bastola inavuka maji kutoka Mokowe, na msimu wa kusi mashua inakumwagia mawimbi hadi ndani ya mkoba. Niliwahi kuona K-22, ndugu yake K-38 ya risasi za .22, ya jamaa huku kwetu: skrubu ya stopa imeliwa na kutu mpaka mfereji wa bisibisi umepotea. Haikulegea, haikukaza, ilikuwa imekufa palepale.

Na gundi ya buluu haikai juu ya skrubu yenye mafuta, na huku kwetu hakuna anayeacha chuma bila mafuta hata siku moja. Kaskazi, hilo linafanya kazi kwenye vitabu.

Kaskazi_38 (Malindi)
Dada, hilo la kutu nimelikubali. La vitabu sijalikubali. 😄

MwanaMkomani (Lamu)
Ahsanteni. Nimeangalia: fremu haina namba ya modeli, na bamba lina skrubu nne, sio tatu. Kwa hiyo Kaskazi yuko sawa kwamba ni ya kitambo.

Fundi, nikifuata ya pini, stopa ya zamani nifanye nini? Na nitajuaje pini imefika urefu wake?

FundiJiliwa (Malindi)
Ya zamani itoe pamoja na skrubu yake, ipake mafuta, ifunge kwenye mfuko na uiweke pamoja na karatasi za bastola. Anayeitaka kama ilivyozaliwa, ataikuta.

Bamba usilifungue kwa kulichokoa na bisibisi. Toa skrubu zote, kumbuka ipi ilikuwa wapi kwa sababu hazifanani, kisha shika mtutu na ugonge fremu pale penye mshiko kwa mpini wa mbao. Litanyanyuka lenyewe. Bisibisi iwe na ncha inayojaza mfereji wote. Springi ya kitelezi ina nguvu, ifunike kwa kitambaa unapoitoa la sivyo utaitafuta chini ya vitanda.

Urefu: anza na pini ndefu kupita kiasi, upunguze kwa tupa kidogokidogo. Kila ukipunguza, rudisha vyote na bamba, hakikisha silinda ni tupu na risasi ziko chumba kingine. Koki, shika nyundo kwa dole gumba, vuta triga ikatike, kisha ishushe nyundo polepole ukiwa bado umeishikilia triga nyuma. Ukihisi nyundo inakwaruza au inakwama njiani, pini bado ni ndefu: triga haijaondoka kabisa kwenye jino la nyundo, pale triga inapoishikilia nyundo iliyokokiwa. Usilidharau hilo la kukwaruza. Jino linaliwa, na jino likishaliwa bastola inaweza kuja kuanguka nyundo bila kuguswa.

Ikishuka safi, punguza pini kidogo tena ili triga ibaki na mwendo wa ziada baada ya kukatika, unene wa karatasi mbili tatu hivi. Usitake isimame palepale inapokatika kama Kaskazi alivyoandika. Masizi ya baruti yakijaa ndani, ule upana unapungua, na bastola iliyokuwa kamili nyumbani inakataa kupiga uwanjani. Halafu jaribu kwa kuvuta moja kwa moja bila kukoki, tundu zote sita, taratibu, uone silinda inajifunga kila mara kabla nyundo haijaanguka.

koplo_mstaafu (Malindi)
Hapo kwenye karatasi mbili tatu fundi amenikosha. Kwa ya shabaha sina neno. Ya kiunoni bado nasema isiwe na kitu.

BintiShela (Lamu)
Pini ya shaba nyekundu, ya shaba nyeupe au ya chuma? Nauliza kwa sababu ya kutu.

FundiJiliwa (Malindi)
Shaba nyekundu sahau, laini mno. Shaba nyeupe haishiki kutu na inapigwa tupa kwa urahisi, lakini inagongwa kila risasi na baada ya muda ncha inabonyea, mwendo wa ziada unarudi taratibu bila mtu kujua. Mimi natumia chuma cha pini, ncha zote mbili zimesawazishwa na kulainishwa kwa jiwe, na tone la mafuta ya cherehani. Mle ndani ya kitelezi maji ya Mokowe hayafiki kirahisi kama kwenye skrubu.

MwanaMkomani, pima kipenyo cha ndani cha springi kwanza. Pini ikibana humo, triga haitarudi mbele yenyewe.