Katishiwa picha zake zitasambazwa: aanzie wapi?

Wakuu, kuna mtu hapa Igoma katumiwa meseji: "Laki mbili kabla ya saa mbili usiku, la sivyo picha zinaenda kwa ndugu zako." Alipe, au afute akaunti ya Facebook?

Jibu 1: Asilipe wala asifute. Akilipa laki mbili leo, kesho anadaiwa tano. Akifuta, ushahidi umepotea. Apige skrinishoti zionyeshe namba, tarehe na saa, anakili na linki ya profaili, maana jina hubadilishwa muda wowote. Kisha afiche orodha ya marafiki. Ndiyo silaha ya huyo jamaa.

Jibu 2: Naongezea mkuu. Namba ya kupokelea hela ndiyo mali. Aanze kama anatuma, jina likitokea aliandike, akatishe kabla ya namba ya siri. (Laini nyingi za hivyo zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kwa hiyo asikimbilie kumvamia mwenye jina.) Aende polisi achukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake), Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015.

Jibu 3: Kuna tovuti ya bure, StopNCII.org, hutengeneza alama ya picha (kama alama ya kidole) humo humo kwenye simu, picha yenyewe haitumwi popote; mitandao inayoshirikiana nayo hutumia alama hiyo kuizuia picha. Ni kwa wa miaka 18 kwenda juu. Chini ya hapo, kuna huduma kama hiyo iitwayo Take It Down.