Mjadala: Mwalimu anayepangiwa Nanyumbu, fonolojia ya juu ya Kiingereza ya nini?

Wadau, mada hii imetokea barazani kwa dada yangu hapa Masasi, malipo ya korosho yalipoingia. Mpwa wangu anasomea ualimu wa Kiingereza, na muhula huu ana fonolojia ya juu, yaani somo la jinsi sauti za lugha zinavyopangwa na kubadilika. Shemeji akauliza, "Korosho zote zile nimeuza ili mtoto akasome Mzungu anavyokunja ulimi?"

Tusimbeze. Nimelipitia daftari la binti. Limejaa kanuni za sauti za Kiingereza za wanaisimu Chomsky na Halle za mwaka 1968, mishale, mabano, alama za kujumlisha na kutoa. Anaweza kukueleza kwa nini irabu ya "divine" inabadilika ukisema "divinity". Nikamuuliza hiyo itamfaa nini mtoto wa kidato cha kwanza asiyeweza kusoma sentensi nzima. Akacheka tu.

Hata hivyo, mimi niko upande wa kozi ibaki. Sababu yangu ni mtu mmoja.

Shule ya msingi tulisoma na mwenzetu aliyelelewa na bibi yake, nyumbani Kimakua tupu. Akitaka kusema "baba", alisema "papa". Darasa zima linaangua kicheko, maana papa tunamjua ni yule wa baharini. Kwenye Kiingereza, neno "big" alilisoma "pik". Akichapwa, analirudia vilevile. Mwisho akaacha kunyoosha kidole kabisa.

Mwalimu alidhani ni ukaidi. Kumbe Kimakua hakina b, d wala g za kawaida. Kina p, t na k, na kila moja ina pacha wake mwenye mpumuo, yaani pumzi inayotoka kwa nguvu. Ukikosea pacha umesema neno jingine. Sasa shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, utamke "pin" kama Mwingereza: karatasi inatikisika. Tamka "spin": imetulia. Mwingereza mwenyewe hana habari kwamba anatoa p mbili, kwa sababu kwake hazitenganishi maneno. Yule mtoto wa Kimakua angezisikia mara moja. Alikuwa na sikio ambalo mwalimu wake hakuwa nalo, na fimbo akala yeye.

Wayao nao wana la kwao. Kwenye Kiyao, p ikitanguliwa na m mara nyingi hugeuka b: kupeleka ni "kupeleka", lakini kunipeleka mimi ni "kumbeleka". Mtoto wa Kiyao akikwambia "imbotant" badala ya "important" hajakosea ovyo, anafuata kanuni aliyonyonya kwa mama yake. Ukiijua kanuni, unajua pa kumshika.

Kuna watakaosema matamshi si hoja, mradi tueleweke. Nakubali kwa sehemu kubwa. Lafudhi ya kusini mwa Uingereza ina irabu kama 20, sisi Kiswahili chetu kina 5, na sioni haja ya mtu wa Tandahimba kujitesa aongee kama mtangazaji wa London. (Ingawa mji wenye bandari kama Mtwara ungefaidika kidogo kutofautisha "ship", meli, na "sheep", kondoo.) Ila kumjua mtoto anakwamia wapi ni jambo jingine na kumlazimisha aige lafudhi.

Kinachonikera ni kozi yenyewe inavyofundishwa. Daftari zima la binti, sijaona mfano hata mmoja wa kwetu! Mbona tuna ulimi na ndimi, refu na ndefu? Hapo l na r zimekutana na n, zote zikawa d. Mwanafunzi wa Lindi akianzia hapo, ile mishale ya Halle ataielewa kwa siku moja, badala ya kuikariri ajibie mtihani halafu aisahau. Kwa maoni yangu nusu ya kozi iwe Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua, na Kiingereza kije juu yake.

Sasa nyie mlio darasani Newala, Ruangwa, Nachingwea: mliosoma kozi hii, mmewahi kuitumia hata siku moja? Na mnaoipinga, huyo mtoto wa "pik" mngemsaidiaje? Andikeni bila kuogopana. Shemeji kusoma simu macho yanamsumbua, nimemwahidi nitamsomea majibu yote, hata yale ya kunipinga mimi.