Kiti cha wadi yetu: gumzo la ukoo, Kaloleni, Kisumu

Hamisi: Assalam aleikum jamaani. Kuna dada wa hapa mtaani, jana baada ya magharibi nimemsikia akisema anakitaka kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, 2027. Mnaonaje?

Mjomba Bakari: Waaleikum salaam. Ajaribu, lakini kiti chenyewe kidogo. Nguvu zetu tuzipeleke kwa gavana. MCA ataleta nini Shaurimoyo Kaloleni?

Rukia: Shikamoo Mjomba. Ule mtaro wa nyuma kwenu uliofurika masika, nani alipaswa kuupigia kelele?

Mjomba Bakari: Marahaba. Pesa ni za gavana, Rukia.

Rukia: Gavana hazigusi mpaka bunge la kaunti lipitishe bajeti. Kisumu ina wadi 35. Wale 35 na wenzao wa kuteuliwa ndio wanaokaa na vitabu vya hesabu. Wetu akinyamaza, taa za mulika mwizi zinawekwa wadi za Migosi na Kondele, sisi tunabaki na giza.

Hamisi: Hapo kweli. Basari pia.

Shangazi Mwanaisha: Nimesoma yote wanangu. Bakari, usikidharau kiti hicho. Mama Grace Onyango alianzia wapi? Alikuwa mwalimu, akawa kaunsela, yaani diwani, ndiyo MCA wa siku zile, wa mji huu huu. 1965 meya akafariki, akashika yeye, mwanamke Mwafrika wa kwanza Kenya kuwa meya. 1969 akachukua ubunge wa Kisumu Town, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Alikaa mpaka 1983. Mwanzo wake ni kiti hicho unachokiita kidogo.

Rukia: Na bado ni kazi kwetu wanawake. 2022 waliochaguliwa MCA nchi nzima ni 115 kati ya wadi 1,450.

Hamisi: 115 tu??

Shangazi Mwanaisha: Ndiyo maana nataka mnisikilize vizuri. Kiti cha udiwani mji huu mara nyingi kimekuwa na mwenyewe kabla ya siku ya kura. 1968 KPU, chama cha Jaramogi, kilipeleka wagombea udiwani kila mahali. Karatasi zao zikakataliwa, watu kama 1,800 nchi nzima, eti zimejazwa vibaya. Watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyejua kujaza fomu? KANU, chama tawala, ikabaki uwanjani peke yake.

Mwaka uliofuata, Oktoba 25, ikaja siku ya Russia. Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali tunayoiita Russia, watu wakapigwa risasi. Nilikuwa mdogo. Ninalolikumbuka ni mama akifunga milango mchana kweupe na kutulaza chini ya kitanda, na sufuria ya maharagwe ikiungua mekoni bila mtu kuinuka kuiepua. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Desemba kukawa na chama kimoja tu, kwa hiyo aliyeshinda mchujo wa KANU alikuwa ameshamaliza. Kura ikawa ni huo mchujo.

Mjomba Bakari: Na mlolongo wa 1988 mimi niliupanga. Kila wakala ameinua picha ya mtu wake, nyinyi mnajipanga nyuma yake jua linawaka. Wakala mmoja alikuwa mwenye nyumba wangu, na kodi ya mwezi ule sijalipa. Nikasimama nyuma yake, ningefanyaje? Aliyevuka asilimia 70 kwa ubunge alipita moja kwa moja, kura ya siri hakuna tena.

Rukia: Subhanallah. Mjomba hukuwahi kutuambia.

Mjomba Bakari: Si jambo la kujivunia, mwanangu. Watu walikuwa wanahesabiwa kama mifugo sokoni.

Shangazi Mwanaisha: 1992 vyama vingi vikarudi, tukashangilia. Lakini Kisumu kila wakati kuna chama kimoja chenye upepo: Ford-Kenya, 1997 NDP, 2002 LDP ndani ya muungano wa NARC, kisha ODM. Mwenye tiketi ya chama hicho analala usingizi mnono, Agosti anakwenda kuthibitisha tu. Na siku ya mchujo nyinyi vijana hamwonekani. Mnakuja Agosti mmevaa vizuri, mnapewa karatasi 6, mnafika ile ya MCA ya rangi ya khaki mnaniuliza, Shangazi huyu ni nani?

Hamisi: Na wakimpa mtu tiketi ya moja kwa moja bila mchujo?

Rukia: Anaweza kusimama kama mgombea huru. Katiba inataka wapiga kura 500 wa wadi hii wamuunge mkono, na awe hana chama kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Shakeel Shabbir alishinda ubunge Kisumu East hivyo 2017. Inawezekana.

Shangazi Mwanaisha: Mia tano tunao Kaloleni hii, tukitaka. Hamisi, kura yako iko wapi?

Hamisi: Bado Nyalenda B, kule nilikokuwa nimepanga.

Rukia: Basi huyo dada huwezi kumpigia! Mbunge ni mmoja, sote ni Kisumu Central, lakini karatasi ya MCA utapewa ya Nyalenda B.

Hamisi: Sikufikiria hilo.

Rukia: Beba kitambulisho uende ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya Kisumu Central, uombe kuhamisha kituo. Halafu angalia eCitizen, ile tovuti ya serikali, umeandikwa chama gani, maana mchujo ni wa wanachama. Wapo wanaojikuta kwenye vyama wasivyovijua.

Mjomba Bakari: Nitaangalia na yangu.

Shangazi Mwanaisha: Na huyo dada mwambie aje kwangu Jumamosi baada ya alasiri. Kabla sijamwekea saini, nataka anieleze ule mtaro na choo cha sokoni atavishughulikia vipi. Bakari, nawe uje.

Mjomba Bakari: Inshallah nitakuja.