Mafundi wa "tupige Windows": 60,000 yangu mmekula, na kompyuta inachukua dakika nne kuzima!

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima nikijiambia achana nalo. Nimeshindwa, nalimwaga hapa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, Morogoro. Nyumbani nina kompyuta ya mezani, Core i3 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, diski ya GB 500. Ndiyo, ni ya zamani. Ndiyo, najua Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiitaki mashine yangu kwa sababu inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo wale wa "tupa hiyo, nunua mpya" tulieni kwanza, pesa ya mpya mtanipa nyie? Mashine hii inatunga mitihani, inachapa, inajumlisha alama za watoto. Haijawahi kunigomea kujumlisha.

Ilianza na ugonjwa mmoja tu. Ukiwasha asubuhi, kabla Windows haijaingia, kioo kinakuwa cheusi na maandishi meupe: saa na tarehe hazijawekwa, bonyeza F1 uendelee. Unabonyeza, inaingia, saa inasoma Januari 2012. Ukifungua intaneti kila tovuti inakukataa, eti muunganisho si salama. Ukirekebisha tarehe kila kitu kinakaa sawa. Kesho asubuhi, tena.

Nikaibeba kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Nikamweleza vizuri, hatua kwa hatua, kama ninavyomfundisha mtoto wa kidato cha kwanza. Hakufungua hata skrubu moja. Aliiwasha, akaona F1, akasema: "Mwalimu, Windows imekufa. Tupige Windows." Yaani aifute aiweke upya. Elfu ishirini. Jioni nikaichukua, pale dukani inawaka safi kabisa, saa sahihi. Nikamshukuru! Nikikumbuka ile "ahsante sana mdogo wangu" yangu najisikia kujizaba kofi.

Asubuhi yake: bonyeza F1 uendelee.

Na sasa imerudi na wageni wawili. Wa kwanza, kila ikiingia kinatokea kisanduku kinalalamika kwamba faili fulani la skripti (orodha ya amri) halionekani. Wa pili ndiye aliyenitoa roho. Ukibonyeza kuzima, inakaa kwenye "inazima" hadi unaenda kuchota maji unarudi. Nilipima kwa simu: dakika nne na sekunde kadhaa. Mama watoto akichoka kusubiri anazima swichi ya ukutani, na asubuhi mashine inaanza kukagua diski asilimia moja moja huku mimi nina kipindi saa moja na nusu.

Nikarudi. "Mwalimu, hiyo Windows haikukaa vizuri. Tupige tena." Elfu ishirini. Matokeo ni yale yale.

Mara ya tatu akabadilisha wimbo, eti diski imechoka, lakini kwanza tujaribu kupiga Windows nyingine "nyepesi". Nikamwambia, tena mbele ya mteja mwingine: upande wa D, kile kipande cha pili cha diski, usiuguse, kuna alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Akaitikia. Niliporudi, D haipo. Diski nzima imekuwa C moja, nyeupe peee. Nilikesha usiku mbili narudisha alama kutoka kwenye makaratasi, mstari kwa mstari. Wenye darasa la watoto zaidi ya mia wanajua ninachosema.

Hapo ndipo nilipoamua, liwalo na liwe, naifungua mwenyewe.

Nilianza na F1. Wakuu, jambo dogo linalonikera kuliko yote ni hili: ujumbe ule unatokea KABLA ya Windows. Windows haijaamka bado! Unawezaje kutibu kitu kwa kubadilisha kitu ambacho bado hakijawaka? Saa ya kompyuta inakaa kwenye ubao mama, na umeme wa ukutani ukiwa haupo inalishwa na betri ndogo ya duara kama sarafu. Imeandikwa CR2032: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, namba yenyewe inajieleza. Ikiwa mpya inatoa volti 3. Jirani yangu anatengeneza redio, akaipima ya kwangu: 1.7. Mfu. Na sisi nyumbani kila usiku tunazima swichi ukutani kuokoa LUKU, kwa hiyo ubao ulikuwa unategemea hiyo betri peke yake usiku kucha, miaka na miaka. Pale dukani ilionekana imepona kwa sababu fundi aliseti saa na hakuchomoa waya wa umeme. Basi! Betri mpya buku mbili. F1 sijaiona tena.

Kile kisanduku cha skripti nacho nilikifuatilia. Kuna programu ya bure ya Microsoft inaitwa Autoruns, inakuonyesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows, na vile ambavyo faili lake halipo inavipaka njano. Nikaona mstari wa njano unaoelekea faili la vbs lenye jina la ovyo ovyo. Mnamjua huyu: ni yule kirusi wa flashi anayegeuza mafoda yako yote kuwa vishale (shortcut), akina sisi wa steshenari tumekua naye. Antivairasi ilimuua, ila amri ya kumwita kila asubuhi ilibaki, kwa hiyo Windows inamwita marehemu na marehemu haitiki. Nikaondoa tiki. Kimya. Na huyo mgeni aliingia na nani? Mimi flashi yoyote sikuwa nimechomeka. Windows ililetwa kwenye flashi ya fundi.

Kuzima ndiko kulikonichukua Jumamosi nzima. Niliiwasha kwa ile hali salama, ambapo programu za pembeni zote zimelala. Bado dakika nne. Kwa hiyo si programu. Halafu nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote: wakati wa kuzima, taa ya diski pale mbele ya kasha haipepesi, inawaka mfululizo. Diski inaandika kitu. Inaandika nini mashine ikiwa inalala?

Nikaingia kwenye mipangilio ya kumbukumbu. Kumbe mtaalamu wetu, ili "kuniongezea RAM bure", alitenga GB 12 za diski zitumike kama RAM bandia. Siyo dhambi kubwa hiyo. Dhambi iko kwenye rejistri, daftari la mipangilio ya Windows, sehemu ya Session Manager, ndani ya Memory Management: kuna thamani inaitwa ClearPageFileAtShutdown. Kwa kawaida ni 0. Yangu ilikuwa 1. Maana yake, kila unapozima, Windows inalifuta lile faili lote la GB 12 kwa kuandika sifuri juu yake, mwanzo hadi mwisho. Kazi yake halali ni ya usiri, kwa ofisi zisizotaka mtu achomoe diski asome mabaki ya kumbukumbu. Mimi siri yangu ni mtihani wa milinganyo.

Sasa hesabu, nisameheni ni kazi yangu. GB 12 ni kama megabaiti 12,000. Diski yangu ya kizee inaandika megabaiti 50 hivi kwa sekunde. 12,000 gawanya kwa 50 ni sekunde 240. Dakika nne! Jibu lilikuwa limekaa kwenye saa ya simu yangu muda wote. Nikarudisha 0, nikaiachia Windows ijipangie ukubwa yenyewe, nikazima. Sekunde 19.

Kwa hiyo nilipeleka betri ya buku mbili, nikalipa 60,000, nikauziwa kirusi na dakika nne za kila siku, nikapoteza alama za watoto. Na mashine haikuwa na kosa la Windows hata moja siku ya kwanza.

Nyongeza: mnaoniuliza jina la duka, silitaji. Leo nilipita kwake. Sikwenda kugombana, nilitaka anieleze hiyo 1 ilifikaje kule. Hakubisha hata kidogo. "Aah Mwalimu, hiyo ni faili la spidi, nawawekea wateja wote." WOTE! Hebu nyie mliopiga Windows mtaani angalieni taa zenu wakati wa kuzima.

Nikamwonyesha video kwenye simu, mashine inazima kwa sekunde 19. Akaitazama mara mbili, akanirudishia simu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Hii Windows umepigia wapi, Mwalimu?"